Mwandishi wa Kikao Haungi Mkono

Arlys Vondra alikuwa na ugonjwa mmoja ambao madaktari wa Nebraska nzima walishindwa kuupa jina: akishikwa na hofu, anacheka. Alicheka siku ya harusi yake, mchungaji alipofika kwenye maneno ya "mpaka kifo." Alicheka kwenye mazishi ya mumewe Emil, akajifunika uso na kitabu cha nyimbo, na watu wakamwonea huruma wakidhani analia. Sasa ilikuwa Jumatano ya mwezi wa nne, saa sita mchana, naye amekaa kwenye ukumbi wa chakula wa shule ya sekondari ya Kolenka, kalamu mkononi, na kicheko kimeshaanza kumtekenya mbavuni. Leo Kolenka ilikuwa inafukuzwa kwenye ligi.

Ligi yenyewe ni Ligi ya Mito Sita. Usiniulize mito mingine mitano iko wapi, hata mimi niliyeishi huku miaka yote hii sijaiona. Walioianzisha walikuwa shule sita, kila shule ikadai ina mto, na hakuna aliyekuwa na utovu wa adabu wa kwenda kukagua. Baadaye wakawa kumi na moja. Kisha watoto wakapungua mashambani, shule zikaanza kuungana, na kila zikiungana hakuna inayokubali kuacha jina lake. Ndiyo maana leo ziko saba, na mojawapo inaitwa Wexham-Mtakatifu-Bohdan-Lyle-Kaskazini, ambayo wachezaji wake huvaa jina mgongoni kuanzia kwapa hili mpaka lile.

Kolenka haikuungana na mtu. Ilikuwa na wanafunzi hamsini na watatu, na timu inayoitwa Wapura Ngano. Wavulana wa kucheza ule mpira wetu wa Kimarekani wa kugongana walikuwa tisa tu, mmoja akiwa na pumu, na ndiyo sababu ilikuwa inatolewa. Na kila mtu mezani alijua: Kolenka ikitolewa kwenye ligi, haitakuwa na wa kucheza naye, na bodi ya shule ilishasema wazi kwamba shule isiyocheza itafungwa mwezi wa sita. Watoto watapandishwa basi kwenda Brannock, maili kumi na moja. Arlys alikuwa karani wa shule ile tangu nywele zake zikiwa nyekundu. Alijua nani anaogopa sindano na nani hali karoti. Aliipenda shule ile kuliko nyumba yake.

Lakini yeye alikuwa mwandishi wa kikao, na mwandishi wa kikao cha ligi hasemi. Haleti hoja, haungi mkono hoja, hapigi kura. Miaka thelathini na mmoja ameandika maneno ya wenzake huku amefumba mdomo.

"Shemeji, umependeza," alisema Delmar Kubik, akivuta kiti kando yake na bakuli lake la maharage ya nyama na pilipili, mkate wa mdalasini ukiwa juu yake kama kofia. Delmar ndiye mkuu wa michezo wa Brannock, na mama yake na mama wa marehemu Emil walikuwa ndugu. Alikuwa amevaa lile koti lake la bingwa wa mieleka wa ligi, mwaka sabini na sita. Koti halijafunga vifungo tangu Emil akiwa hai.

"Na wewe tumbo limependeza," Arlys akamjibu.

"Nikushukuru mimi au likushukuru lenyewe?" Delmar akalipigapiga tumbo, kisha akashusha sauti. "Sikiliza, Shemeji. Hoja nitaileta mimi. Bodi yangu imenituma. Usinichukie."

"Sikuchukii. Kula."

"Na hatutawasahau. Nimeshaongea na fundi. Tutaweka picha yenu kwenye kabati letu la vikombe, pale chini, karibu na mlango wa choo. Mahali pazuri, watu wanapita sana."

Huruma ile ilimkata Arlys maini kuliko matusi. Akatazama mkoba wake miguuni, ambamo mlikuwa na karatasi mbili na barua moja, na kicheko kikampanda mpaka kooni. Akajikaza kisabuni.

Karatasi zile zilitokana na historia. Ligi inakaribia miaka mia, na Arlys alikuwa ameagizwa aandike kijitabu: nani aliingia mwaka gani, nani alitoka, nani alinuna akarudi. Wiki tatu alifukua kumbukumbu kwenye sanduku la bati aliloachiwa na mwandishi aliyemtangulia, Bibi Ottilie. Alipofika mwaka wa sabini na nne, aliangua kicheko peke yake ofisini hadi mpishi akaja mbio na glasi ya maji. Tangu siku hiyo alikuwa na kurasa mbili za tisa: wa tisa wa adabu na wa tisa wa kweli. Hakuwa ameamua atasoma upi. Wa kweli ungeiokoa shule yake, na ungemvua Delmar lile koti.

Mwalimu mkuu wa Kolenka, Bwana Obermiller, akaja mbio huku akivaa kofia ya udereva.

"Arlys, dereva wa basi kapata homa. Watoto wana mbio saa tisa kule Lyle. Lazima niendeshe mimi."

"Leo? Na kura je?"

"Hii hapa." Akamtupia kadi ya kijani yenye jina la shule. "Wewe ndiye Kolenka sasa. Ukisikia wamemaliza kutuzika, nipigie."

"Mimi mwandishi! Mwandishi hasemi!"

"Basi kaa kimya kwa niaba yetu!" Akatoka, na basi la manjano likaunguruma.

Mwenyekiti, Mama LaDonna Friesen, mwanamke mrefu wa Wexham na majina yake yote, akagonga meza kwa kijiko. "Jamani, tuanze. Ajenda ya tatu ni historia na uanachama wa ligi, atasoma Arlys. Ajenda ya nne..." akakohoa, "...ni lile jambo."

Watu kumi na watatu wakatazama mabakuli yao. Huku kwetu hakuna anayetamka neno "kufukuza" mbele ya chakula.

"Fupi fupi, Shemeji," Delmar akamnong'oneza. "Tuna jambo zito mbele."

Arlys akasimama. Akasoma ukurasa wa kwanza: shule sita, mito sita, na kanuni ya uandikishaji iliyoandikwa kwa mkono wa mwenyekiti wa kwanza, kwamba shule ikiomba kuingia, atakayeunga mkono ni jirani yake wa karibu kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua vizuri. Akasoma vita vya kung'ang'ania rangi ya bluu. Akasoma mwaka ambao ubingwa ulipatikana kwa kurusha sarafu, na sarafu ikapotelea ndani ya kinanda. Watu wakaanza kucheka, viti vikalegea. Akafika mwisho wa ukurasa wa nane.

Mkono ukaingia mkobani. Aliona picha ya Wapura Ngano karibu na mlango wa choo. Akapiga moyo konde, akatoa ule wa kweli.

"Mwaka wa sabini na nne," akasoma, na sauti ikaanza kutetemeka kwa kicheko. "Fainali ya mpira wa kikapu, hapa Kolenka. Dakika mbili kabla ya mwisho, mashabiki wa Brannock waliachilia uwanjani nguruwe mmoja aliyepakwa mafuta."

"Nguruwe huyo namjua!" Delmar akadakia kwa furaha. "Alikuwa wa mjomba!"

"Nguruwe alikimbia dakika arobaini. Alimwangusha mwamuzi mara mbili. Wiki iliyofuata kikao kilikaa. Mjumbe wa Brannock hakufika kwa sababu ya matubwitubwi. Hoja: Brannock ifukuzwe kwenye ligi. Ikaungwa mkono. Kura zote, ndiyo."

Kijiko cha mtu kikadondoka.

"Endelea," alisema Mama LaDonna polepole.

"Barua ya kuwajulisha iliandikwa, ikabandikwa stempu. Ilikuwa itumwe Jumatatu." Arlys akajishika ubavu. "Jumamosi kimbunga kikaezua paa la ukumbi wa Brannock. Kikao kikaamua..." akashindwa, akafuta machozi, akaanza upya, "...kikaamua si vizuri kumpelekea mtu barua ya namna hiyo huku anaokota mabati yake. Barua isubiri mpaka wamalize kupanda mahindi. Walipomaliza kupanda, isubiri mavuno. Mwaka uliofuata Brannock walikuja kikaoni na sinia nne za mikate ya mdalasini, kuwashukuru wote waliowasaidia kuezeka. Kumbukumbu zinasema hivi: 'Brannock wameingia, wakaketi. Hakuna aliyepata namna ya kuwaambia. Mikate ilikuwa mizuri sana.'"

"Mungu wangu," alisema Mama LaDonna. "Mwenyekiti wakati huo alikuwa baba yangu."

"Ndiye. Miaka saba mfululizo anaandikisha ajenda ya mwisho: 'Barua ya Brannock, isubiri wakati unaofaa.' Halafu haitajwi tena. Nimepekua kila karatasi. Hawakurudishwa." Arlys akatoa mkobani bahasha iliyogeuka rangi ya chai, stempu yake bado imeshika vizuri, akamwekea Delmar mbele ya bakuli. "Shemeji, samahani imechelewa."

Delmar akaifungua kwa kisu cha siagi. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Tunasikitika kuwajulisha..." Akaishia hapo.

Ukumbi ukalipuka. Mzee mmoja wa Lyle, mjumbe mwenzake Mama LaDonna, alicheka mpaka akashika meza, na meza ikasogea. Mama LaDonna alijifunika uso na ajenda. Mtu mmoja alikuwa akirudia tu, "Nusu karne! Nusu karne wamekaa pale!" na kila akirudia wanaanza upya.

"Kuhusu utaratibu," mzee wa Lyle akasema alipopata pumzi. "Mwenyekiti, hoja ya ajenda ya nne inaletwa na nani?"

"Na Brannock," alisema Mama LaDonna, akijaribu kuwa na uso wa mwenyekiti. "Yaani na mgeni. Mgeni haleti hoja. Kuna mwanachama yeyote anayetaka kuileta yeye?"

Wajumbe watano waliokuwa wamemwahidi Delmar kura zao wakaona ghafla kwamba mikate yao inahitaji kukatwa vipande vidogo vidogo. Kupiga kura ya kumzika jirani ni jambo moja. Kuwa wa kwanza kushika sepetu, hapana.

"Basi hoja imekufa," alisema Mama LaDonna, na akagonga kijiko kwa nguvu.

Kolenka ilikuwa imepona. Arlys alitaka kuruka. Kisha akamtazama shemeji yake.

Delmar alikuwa hacheki tena. Alikuwa amelivua koti, analikunja taratibu, mkono juu ya mkono, kama mtu anayekunja shuka za wageni walioondoka.

"Sabini na sita," alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe hatukuwemo. Nilimshinda yule jitu wa Wexham kwa pointi moja, na sikuwemo."

Mama LaDonna akakohoa. "Wexham inaleta hoja kwamba Brannock ipokewe kwenye ligi. Kwa kanuni iliyosomwa sasa hivi, anayeunga mkono ni jirani wa karibu." Akatazama huku na huku kana kwamba hajui. "Jirani wa karibu wa Brannock ni nani?"

Vichwa vyote vikageuka. Kadi ya kijani ilikuwa pale kando ya daftari la kumbukumbu, imepata doa la maharage.

"Shemeji," alisema Delmar, "ukikataa sitakulaumu. Nilitaka kuwaweka mlangoni pa choo."

Arlys akafungua mdomo kusema, na kicheko kikamtoka, kile cha harusi na mazishi, kirefu, cha mabega. Alipunga kadi juu huku anacheka. Alijaribu mara mbili, maneno yakakwama. Mzee wa Lyle akasema, "Mama, pumua kwanza."

Akapumua. "Kolenka inaunga mkono," alisema. "Kwa sharti moja. Kuanzia mwaka wa sabini na nne. Kuanzia siku ile ile ya nguruwe. Kila kikombe, kila medali, na kila koti, hata lisilofunga vifungo."

Kura zikapigwa. Zote, ndiyo. Delmar alilivaa koti lake huku anafuta macho kwa kitambaa cha mezani, akasema bodi yake ikithubutu kumtuma tena na hoja ile, itaileta yenyewe kwa miguu. Kisha akaomba mkate wa pili.

Arlys akaketi, akaandika. Hoja: Wexham. Alipofika kwenye mstari wa aliyeunga mkono, kalamu ikasimama. Kwa miaka thelathini na mmoja hajawahi kuandika jina lake pale. Akaliandika kwa herufi kubwa, A. Vondra, na chini yake: "Barua ya Brannock: imefika."

Simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Obermiller kulikuwa na kelele za watoto na injini.

"Nipe moja kwa moja," alisema. "Tumetoka?"

"Hatujatoka. Tumewapokea Brannock."

"Brannock? Kwani walikuwa wameenda wapi?"

Arlys akajaribu kumweleza, lakini kicheko kilimshika tena, ikabidi ampe simu Delmar.