Mguu wa Mjomba

Nyumba ya Mjomba haijawahi kuwa na kiti kitupu, na siku ile hata ndoo zilikaliwa. Tulikuja kupanga mchango wa mtandaoni wa kumnunulia mguu wa bandia. Mjomba ni kinyozi. Tangu ajali imkate mguu, ananyoa hapo nyumbani akiwa amekaa, mteja chini kwenye kigoda, na anayetaka kisogo kinyolewe ajizungushe mwenyewe.

Dada yangu anauza simu, maneno hayampigi chenga, basi yeye ndiye akaongoza.

"Tunaanza na wa ndani: ndugu, majirani, wateja. Mgeni hachangii sufuria isiyo na maji. Kila Jumapili tunawapa habari mpya, na aliyechanga ashukuriwe kabla hajalala. Sasa picha. Mjomba, nipe uso wa huzuni."

Mjomba akatoa ulimi.

"Mjomba!"

"Mimi si maiti ya kuchangiwa sanda. Mkinitangaza kwa machozi, mguu wenu sivai."

Hapo pakawaka moto. Jirani fundi cherehani, ambaye haalikwi wala hakosi, akasema machozi ndiyo yanayofungua mifuko. Mjomba akageukia ukuta. Hakuwa anatania, tunamjua. Asipokubali hakuna mchango, na bila mchango atazeekea kwenye kiti kile.

Mkaza mjomba, mkewe, alikuwa pembeni akichambua mchele. Akautua ungo.

"Huruma? Nani amwonee huruma huyu? Mtu ananiachia nywele mpaka kwenye sukari!"

Dada, mjanja yule, akainua simu polepole akaanza kurekodi.

"Zamani akisimama nyuma ya kichwa cha mtu, mtaa mzima unajua nani kaachwa na nani kaposwa. Alikuwa ananitania mpaka natamani kumtandika mwiko. Sasa kakaa, na maneno yamekaa naye. Ananiambia 'asante', ananiambia 'samahani'. Samahani! Kwani mimi niliolewa na mgeni? Nirudishieni mkorofi wangu."



Dada akampelekea Mjomba simu. Akaitazama ile video, akairudia. Shavu lilikuwa linamchezacheza.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo muitume."

"Na kitambaa hiki cha jikoni kichwani?" mkewe akaruka. "Wifi zangu wanione hivi?"

"Wamekuona vibaya zaidi."

"Lini?"

"Siku ya harusi."

Tuliangua kicheko mpaka ndoo moja ikapinduka na mtu wake. Mkaza mjomba alimrushia konzi ya mchele, akacheka, akajifuta macho.

"Haya, itumeni kabla sijaghairi."

"Andika na hili," Mjomba akamwambia Dada. "Siku nitakayosimama, wote waliochanga nawanyoa bure."

"Bure? Wote?" mkewe akadakia. "Utawaweka wapi?"

"Humuhumu."

"Humu kwa nani?"

Dada hakungoja waafikiane. Akabonyeza, na simu zote mle chumbani zikalia kwa pamoja.