Bomba la Pazia

Asubuhi aliyofariki Mfaume, boila la maji ya kuoga halikuwashwa. Ndivyo majirani wa Tandika walivyojua kuna jambo, maana moshi wa kuni zake ulizoea kuitangulia adhana. Boila hilo alilitengeneza mwenyewe kwa pipa nene la chuma, akaliweka mwisho wa ua, mlangoni kwa wapangaji wanaume.

Mkewe, Mwanaasha, akaingia eda. Akakaa chumbani nyuma ya pazia, haonwi na mwanamume asiye maharimu wake, na sauti yake ikapungua hata ikakoma kusikika uani. Hayo angeyavumilia. Lakini binti yao Najma alikuwa na mimba ya kwanza, na mzazi wa kwanza hurudi kukandwa na mama yake kwa maji ya moto. Maji yatatoka wapi, na boila liko kwa wanaume?

Zubeda, dada wa marehemu, akakata shauri: boila lihamie chini ya dirisha la wifi yake. Akaitwa fundi Marselino, mtu wa Songea, mpole kupita kiasi. Mabomba ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu, na mwaka ule Kariakoo ilifurika mabomba ya plastiki. Marselino akayaunga kutoka kwenye pipa mpaka bafuni, akipiga mluzi. Maswali yake kwa Mwanaasha yalipita kwa Zubeda, na majibu yakarudi kwa Zubeda, yametiwa chumvi.

Wakawasha moto. Maji hayajawa hata ya vuguvugu, bomba likalegea pale lilipoungana na pipa, likajilaza chini.

"Fundi," Zubeda akasema, "umetufungia bomba au tambi?"

Marselino akaliunga upya, likalala tena. Akaanza kukusanya vifaa vyake, akisema kwa unyonge kwamba basi, maji yachemshwe kwa sufuria. Na habari zilikuwa zimeshafika: Najma ameshikwa na uchungu.

Pazia likatikisika.

"Fundi, ngoja," Mwanaasha akasema. "Pipa linataka chuma kwanza. Plastiki ianzie mbele huko, isionje moto."

Sauti ile uani hawakuwa wameisikia tangu siku ya maziko. Marselino akainamisha kichwa, ingawa mwenye sauti haonekani.

"Sawa, mama. Ila chuma chenyewe chote kimeoza."

"Kipo kizima. Ndicho kinachoshika pazia langu."

Kilikuwa kipande alichobakiza Mfaume siku alipolifunga boila mara ya kwanza. Hesi zake, ile mizunguko iliyochongwa ya kufungia, zilikuwa bado kali ncha zote mbili. Zubeda akapinga: wifi ataonwa na dunia nzima.

"Ingia ushike khanga," Mwanaasha akamwambia. "Mikono yako mirefu ya kudokoa mboga leo ina kazi."

Zubeda akasimama dirishani na khanga yake, akicheka mpaka inatetemeka, na bomba likapitishwa katikati ya nondo za dirisha. Marselino akalipokea akiwa amegeuza uso. Akalifunga, akaunga plastiki mbele yake, akawasha. Kiungo kikashika. Maji yakafika bafuni na mvuke wake, na Zubeda bado analalamika kuwa mabega yamekufa.

Najma alikuja na mtoto wa kike, akakandwa.

Eda imekwisha. Pazia linaning'inia kwenye kamba ya katani, na boila analiwasha Mwanaasha mwenyewe, kabla ya adhana.