Njia Panda ya Orlovo

"Basi wapeleke watoto Ravnets wewe, kwa miguu!" Iliya alisema bila kugeuka, magoti yamezama kwenye theluji, mikono ikihangaika na mnyororo wa tairi la mbele. "Gari hili linapanda Orlovo."

"Nimesimama hapa muda wote huu nakuambia jambo moja," Zornitsa alimjibu, "na wewe unaongea na tairi."

"Tairi angalau linasikia."

Walikuwa kwenye kituo cha mafuta, pale barabara inapogawanyika kwenda kwenye milima miwili ya kuteleza thelujini kwa skii. Ya kushoto ilipanda kwenda Orlovo, na kibao kilichokuwa mwanzoni mwake kilitaka kila gari lifunge minyororo kwenye tairi lisiteleze. Ya kulia ilikwenda Ravnets taratibu, lami imeshafunuliwa na greda, nyeusi tii, haidai mnyororo wala chochote. Kwenye kiti cha nyuma cha gari alikaa Bibi Stoyna, mama yake Iliya, amepakata sufuria kubwa iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Kulia kwake alikuwa mjukuu wake Meto, mwenye miaka saba. Kushoto alikuwa Kalina wa miaka minne, amelala kinywa wazi.

"Nitakuhesabia tena," Zornitsa alisema. "Ravnets kuna mkanda unaotembea. Mtoto anasimama juu yake na skii zake, unampandisha polepole. Kuna uzio, hakuna jitu zima litakalokuja mbio kumvunja mtoto wangu. Choo kiko pale pale chini ya mteremko, siyo kule kwako unakomvua mtoto suruali tatu kwenye upepo halafu anakwambia haja imepita. Kalina akichoka anakwenda kulala kwenye chumba cha watoto, na dirisha lake naliona nikiwa nje. Kuna supu ya moto. Haya, Orlovo kuna nini cha mtoto?"

"Kuna baba yangu."



Baba yake Iliya alikuwa amewafundisha skii nusu ya watoto wa bonde lile. Kisha asubuhi moja ya mwezi wa pili theluji iliporomoka kutoka kwenye ukingo wa Orlovo ikamfukia. Ilikuwa miaka miwili kabla Iliya hajamwoa Zornitsa. Tangu hapo, kila tarehe hiyo ilipofika, Bibi Stoyna alichemsha ngano, akaichanganya na sukari na kokwa za jozi zilizotwangwa, akapanda nayo mlimani kumgawia yeyote aliyekutana naye, ili ale na kumwombea marehemu msamaha. Na kwenye nguzo ya viti vinavyopandisha watu mlimani alibandika tangazo lenye jina la mumewe na picha yake, kama yanavyobandikwa matangazo ya marehemu nchi nzima, milangoni na mitini, mwaka baada ya mwaka.

Zornitsa hakuwahi kulipinga hilo hata siku moja. Alichokipinga ni nyongeza ya mwaka huu. Iliya alitaka Meto apande nao mpaka kileleni, ashuke na skii zake kutoka juu kabisa.

"Nilishuka pale nina miaka saba," Iliya alisema, akivuta mnyororo. "Baba mbele, mimi nyuma. Sikufa."

"Na mimi ndiye ninayenyoosha magoti ya watoto wa akina baba waliosema hivyo hivyo. Kila mwezi wa pili wodi inajaa. Njoo siku moja nikuonyeshe, maana naona hospitali unaijua kwa jina tu."

"Unamlea kwa woga."

"Hana woga. Ana miaka saba."

Lakini hata yeye alikuwa ameona kwamba Meto hayuko sawa. Tangu watoke nyumbani, mjini Plovdiv, hakusema neno. Alikataa banitsa, andazi la jibini, yeye ambaye kwa kawaida hula mpaka chembe za jibini zilizobaki kwenye karatasi. Zornitsa alidhani ni kichefuchefu cha kona za barabara, akamfungulia dirisha kidogo, akaona yamekwisha.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Bibi Stoyna alishuka na sufuria yake.

"Gombaneni mpaka mchoke," alisema. "Tarehe haiwasubiri. Meto, mjukuu wangu, nibebee vikombe na hizo karatasi, tuanze na watu wa hapa."

Meto alishuka, vikombe vya plastiki mkono mmoja, karatasi za tangazo zilizoviringishwa mkono wa pili. Mzee wa pampu alipopokea kikombe alivua kofia.

"Ngano ya nani, mama?"

"Ya mume wangu. Metodi."

"Mungu amsamehe Metodi," mzee alisema kwa sauti nzito, akala.

Dereva wa lori la magogo naye alikula, akasema vilevile, kinywa kimejaa. Bibi Stoyna alijaza kikombe cha tatu, akamnyooshea Meto.

"Na wewe. Kula, useme Mungu amsamehe."

Meto aliweka mikono nyuma. "Sitaki."

"Ngano haikataliwi, we mtoto. Kijiko kimoja tu."

"Sitaki, Bibi."

"Mwaka jana ulikula ukaomba tena! Una nini leo?"

"Mimi sili ngano yangu mwenyewe."

Zornitsa aliyasikia hayo kutoka upande wa pili wa gari. Alifika pale bila kujua ametembea vipi.

"Yako vipi, Meto?"

Mtoto alikunjua karatasi moja juu ya boneti. Aliweka kidole chini ya herufi kubwa nyeusi, akakisogeza kama walivyomfundisha shuleni tangu mwezi wa tisa. "Me-to-di. Ka-ra-jov." Akainua uso. "Ni mimi. Mwalimu anaandika hivi hivi kwenye daftari langu."

"Na picha, umeiona?" Zornitsa aliuliza.

Meto aliitazama. Bibi Stoyna alikuwa amechagua picha aliyoipenda kuliko zote, ya mumewe akiwa mlimani. Kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, miwani ya theluji imefunika macho, skafu imefunika kidevu. Angeweza kuwa mtu yeyote.

"Sura haionekani," Meto alisema. "Na yule mzee kasema Mungu amsamehe Metodi." Kisha akauliza, kwa adabu, kama anayeulizia bei ya kitu asichokuwa na hakika kama atakinunua, "Mama, tukifika kule juu itauma? Gari langu jekundu nimemwachia Kalina. Nimeliweka kitandani kwake."

  Aliyekataza mtoto asiambiwe ni Zornitsa mwenyewe. Meto alipozaliwa, akapewa jina la babu yake kama ilivyo desturi, Zornitsa aliwaambia Iliya na mama yake waziwazi: jina mpeni, jeneza lake msimpe. Ndiyo maana ndani ya nyumba yao marehemu aliitwa Babu tu, na mtoto aliitwa Meto tu, na habari ya theluji haikutajwa mbele yake. Alidhani anamkinga. Mtoto akajifunza kusoma, akalisoma tangazo peke yake, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia yule mwingine ni nani.

Alipiga magoti, akamshika mabega.

"Nisikilize vizuri. Aliyekufa ni babu yako, baba yake baba. Alikufa kabla wewe hujazaliwa. Theluji iliporomoka ikamfunika. Aliitwa Metodi Karajov, na wewe ulipozaliwa tukakupa jina lake. Karatasi hii ni yake. Ya kwako haipo. Umenielewa? Haipo."

Meto alifikiri. "Kwa hiyo yeye ndiye Metodi wa kwanza?"

"Wa kwanza wapi!" Bibi Stoyna alisema, macho yamejaa maji. "Babu yake yeye naye alikuwa Metodi. Huyo alifia kitandani, mzee kikongwe, siku ya pili ya Krismasi, kwa ulafi wa nyama ya nguruwe."

Meto alitabasamu kidogo. Kisha tabasamu likaondoka.

"Theluji ilimfunika wapi?"

 Mtoto aliangalia barabara ya kushoto, inayopanda na kupotelea kwenye wingu.

"Huko," Zornitsa alisema. Hakutaka tena kumficha mambo.

Iliya alikuwa amesimama nyuma yao, glavu zimelowa, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini.

"Meto," alisema. "Ulidhani baba yako anakupeleka ukafe?"

"Ulisema lazima," mtoto alimjibu. "Ulimwambia mama jikoni. Ulisema Metodi Karajov lazima ashuke pale."

Zornitsa alikuwa na la kusema hapo, zuri na kali, limeshafika kwenye ulimi. Alimtazama mumewe usoni, akalimeza.

 Iliya aligeuka akautazama mlima. Upepo ulipiga kamba ya bendera ya kituo cha mafuta, ikagonga chuma, ikagonga tena.

"Iliya," Bibi Stoyna alisema. "Baba yako alisimama hapa kila asubuhi kunywa kahawa. Hata siku ile, mlima wenyewe ulimsubiri anywe kwanza. Nipe gundi."

"Mama, mahali pake ni kule juu."

"Kule juu alilala chini ya theluji siku moja tu, na hakuipenda. Nipe gundi."

Alimpa. Mama yake akaenda kwenye nguzo ya taa, pale pale kwenye njia panda, akapaka gundi kwa kiganja kitupu. Alibandika karatasi, na Meto akazishika pembe za chini zisipeperuke mpaka zikanata. Alisoma tena kwa kidole, safari hii kwa sauti ya kawaida: "Metodi Karajov. Babu."

Iliya alirudi kwenye gari. Zornitsa alimwona akipiga magoti mbele ya tairi na kuanza kuufungua mnyororo aliotoka kuufunga. Zornitsa alikwenda kwenye tairi la upande wa pili, akapiga magoti naye. Chuma kiliwachoma vidole kwa baridi mpaka minyororo yote miwili ikawa chini.

"Hiyo supu yako ya Ravnets," Iliya alisema bila kumtazama, "ni ya nini?"

"Maharage."

Alitupa minyororo kwenye buti la gari, akafunga, akampa funguo. "Endesha wewe. Mikono yangu imekufa ganzi."

Nyuma, Kalina aliamka akataka ngano. Bibi Stoyna alimpa, kisha akamnyooshea kaka yake kikombe bila kusema kitu. Meto alikipokea, akala kijiko kimoja.

"Mungu amsamehe Babu Metodi," alisema.

Zornitsa aliwasha gari, akakunja kulia.