Hatua ya Tatu

Nchi ya Bwawani ilitawaliwa na Kiboko, na Kiboko alitawala akiwa amelala. Sisemi hivyo kumtukana. Ndivyo ilivyoandikwa katika katiba yao: Mfalme atakaa ndani ya maji, na maji yatamfikia. Yatamfikiaje, hilo liliachiwa watumishi. Wao ndio waliozibua mfereji utokao kwenye chemchemi ya mlimani, wakang'oa magugu na kuzoa tope, ili bwawa lisikauke na ngozi ya Mfalme isipasuke. Kwa kazi hiyo mtumishi alipewa makazi yenye kivuli, chakula cha jioni, na utepe wa ukindu wa kuvaa shingoni. Ukikutana njiani na mnyama mwenye utepe, unampisha.

Kila mzazi alitaka mwanawe avae utepe, na njia ilikuwa moja tu, Mtihani wa Utumishi.

Mtihani ulikuwa na hatua tatu. Ya kwanza ni kuandika. Masomo yalikuwa Historia ya Bwawa, Hesabu, Insha, na Maarifa ya Jumla, ambamo mtahiniwa aliulizwa Mfalme hupenda kulalia ubavu upi, na aeleze kwa nini ubavu huo ni bora kuliko mwingine. Habari za tope hazikuulizwa. Hatua ya pili ni usaili mbele ya Baraza. Waziri Korongo husimama kwa mguu mmoja, anakukodolea macho mpaka unasahau jina lako, kisha anakuuliza jina lako.

Hatua ya tatu ni kungoja.

Waliofaulu walingojea uwanjani, chini ya tuta la bwawa, kandokando ya mfereji. Zamani walikaa pale kidogo tu, wakati tepe zao zikisukwa. Baadaye Baraza liligundua kwamba mtumishi hula chakula cha Mfalme, na anayengoja hula cha kwake. Tangu hapo majina hayakuitwa. Watumishi wa zamani wakazeeka na kufa, na nafasi zao zikabaki wazi. Sheria mpya ikasema kungoja nako ni mtihani, mtu anapimwa utulivu wake, na atakayenung'unika amefeli. Ngedere wakapandishwa mitini wasikilize. Sheria nyingine ikasema asiye na utepe asiguse mfereji. Kwa hiyo waliofaulu walikaa wamekunja mikono, wakiutazama mfereji unavyojaa tope mbele ya macho yao.

Mama Nungunungu aliingia uwanjani pale akiwa mjamzito. Binti yake, Kinungu, alizaliwa kwenye mkeka wa kungojea, akajifunza kutembea kati ya mikeka ya wengine. Ngiri, jirani yao, aliapa kwamba neno la kwanza la mtoto yule lilikuwa "kesho".

"Huyu ameshafaulu nusu," Ngiri alisema. "Bado kuandika tu."

Na huko Bwawani kalamu zilikuwa miiba ya nungunungu. Kinungu alipofikia umri wa mtihani, mama yake alijing'oa miiba minene ya mgongoni, mmoja kwa kila somo na mwingine wa akiba.

"Ya kwako bado laini," alimwambia.

"Inauma, mama?"

"Wewe andika vizuri."

Mgongo wa mama ukabaki na upara katikati. Hakujali. Mtoto akaenda kufanya mtihani.

Wakati huohuo Baraza lilikutana ndani ya bwawa, kwa kuwa Mfalme hatoki.

"Maji yananuka," alisema Mfalme.

"Hayanuki, Mtukufu," alijibu Kenge, Msimamizi Mkuu wa Mitihani. "Yamekomaa."

"Zamani yalikuwa yananifika masikioni. Sasa yananifika tumboni."

"Ni Mtukufu aliyekua," alisema Korongo.

Mfalme alifurahi kidogo, halafu akakumbuka ngozi yake. "Mfereji anauzibua nani?"

Fisimaji mzee, mtumishi wa mwisho aliyekuwa akishika jembe, alikuwa amezikwa wiki ile na utepe wake.

"Waliofaulu wapo, Mtukufu," alisema Kenge. "Uwanja umejaa."

"Basi wavisheni tepe wakafanye kazi!"

Korongo alibadili mguu. "Mtukufu, tukiwavisha wachache, wengi watauliza kwa nini si wao. Leo wametulia. Hawajatulia kwa kuwa wameshiba. Wametulia kwa kuwa kila mmoja anadhani kesho litaitwa jina lake. Tukianza kuita majina, wataanza kupiga hesabu."

"Na tusipoita, tope linazolewa na nani?"

"Hilo litafanyiwa kazi," alisema Kenge. "Kuna jambo la dharura zaidi. Wengi uwanjani walifaulu zamani mno, na majibu yao yamechacha. Chukua swali la ubavu. Siku zile Mtukufu alikuwa analalia wa kulia."

"Sasa nalalia wa kushoto," Mfalme alikiri.

"Umeona? Wote warudi hatua ya kwanza. Wakiwa wanasoma, hawatautazama mfereji."

Mfalme alipiga mwayo. Katika Baraza lile, mwayo wa Mfalme ulihesabiwa kuwa kura ya ndiyo.

Kinungu alifaulu kuandika, akafaulu usaili, tena vizuri, kwa sababu hata Korongo alipomkodolea macho hakusahau jina lake. Alirudi uwanjani anakimbia, na kwapani amebana mkeka. Akautandika kando ya mkeka wa mama yake, akausawazisha pembe, akakaa.

"Mama, niko hatua ya tatu!"

Mama Nungunungu alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa hamu, na sasa ilipofika akashindwa kutabasamu. Mkeka wa binti ulikuwa mpya, bado unanukia majani mabichi. Wa kwake ulikuwa umechakaa mpaka ardhi iliyo chini yake ilikuwa imebonyea kwa umbo la mwili wake. Akaliangalia lile shimo. Akaangalia mahali alipokaa mtoto wake, ardhi bado tambarare.

Kabla hajasema neno, Kenge alipanda juu ya tuta na kusoma tangazo. Wa zamani wote warudi hatua ya kwanza. Waliofaulu mwaka huu wabaki hatua ya tatu, wakitulia.

Uwanja ulikuwa kimya, kama ulivyofundishwa.

"Nanung'unika," alisema Mama Nungunungu.

"Jirani, nyamaza," Ngiri alimnong'oneza. "Ngedere yuko juu yako hapo."

"Nataka asikie. Wee Ngedere! Umesikia, au nirudie?"

Ngedere alibabaika. Maisha yake yote alizoea kudaka minong'ono. "Nimesikia, mama," alijibu kwa adabu.

"Mwambie bosi wako."

Kenge hakuhitaji kuambiwa. Alishuka kutoka kwenye tuta amevimba shingo. "Mama, sheria unaijua. Umefeli."

"Nimefeli?"

"Umefeli kabisa!"

"Kwa hiyo naruhusiwa kuondoka?"

Swali hilo halikuwa katika somo lolote. Kenge aligeuka kumtafuta Korongo, hakumwona. "Aliyefeli," alisema taratibu, "huondoka. Ndiyo."

Mama Nungunungu alijaribu kukunja mkeka wake. Ulikatika vipande vipande mikononi, akauacha.

Ngiri akasimama. "Bwana Msimamizi, na mimi nanung'unika."

"Unanung'unikia nini?"

"Unataka nianzie wapi? Jua, njaa, hiyo sura yako..."

Mtu akacheka. Kisha wakacheka wengine, na Ngedere wakatazamana huko juu, maana kucheka hakukuwa kumekatazwa. Hakuna aliyewahi kufikiri kutatokea.

"Nifelishe na mimi!"

"Mimi nilifeli kabla yako, nilikuwa sijasema tu!"

"Hamwezi kufeli wote!" Kenge alipiga kelele. "Hakuna utaratibu wa kufeli wote!"

Wakainuka mmoja mmoja, wengine miguu imekufa ganzi, wengine wakiwa wamesahau kwao ni upande gani. Aliyebaki amekaa ni Kinungu, na wachache waliofaulu pamoja naye.

"Twende, mwanangu," mama alisema.

"Mimi sijanung'unika, mama."

"Kinungu."

"Ulijing'oa miiba nifaulu. Nimefaulu. Sasa niende wapi?"

Mama alikuwa amemlea mtoto yule kwa mkeka na neno kesho, angempa neno gani jingine pale pale? Juu yao Ngedere alikuwa ameinama, ametega sikio. Mama akamgusa binti yake kichwani, akaondoka na wenzake. Njia nzima aligeuka nyuma, mpaka Ngiri akamwambia ataanguka.

Walipanda hadi kwenye chemchemi, juu ya mpaka wa Bwawani. Maji yalikuwa bado yanatoka, mengi tu. Ila kule chini mfereji ulikuwa umeziba, kwa hiyo yalifurika pembeni na kupotelea porini. Hakuna aliyeyazuia. Wakachimba vijito vidogo, wakapanda mihogo na majani ya malisho, wakala. Sitadanganya kwamba waliishi kama malaika. Ngiri aliiba zamu ya maji ya wenzake na akapigwa kwa hilo. Siku moja mmoja wao alishauri kwamba atakayelinda maji apatikane kwa utaratibu. Maswali mawili matatu tu, alisema, ya kuchuja. Mama Nungunungu alisimamisha miiba aliyokuwa nayo akaitikisa, ikalia, naye hakuacha mpaka yule bwana akakaa chini. Wakakubaliana kulinda kwa zamu.

Bwawani Mfalme alikuwa amefikiwa na maji magotini, na mgongo wake umeanza kupasuka. Sasa Baraza likaita jina. Kinungu, binti Nungunungu, ameteuliwa kuwa Afisa Mkuu wa Maji. Wenzake waliobaki uwanjani wakampigia makofi na kumwonea wivu. Akavishwa utepe, akapewa makazi yenye kivuli. Akauliza watumishi walio chini yake ni akina nani. Akaambiwa hilo litafanyiwa kazi. Akaomba jembe. Kenge akamwambia cheo chake hakiendi na jembe.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuatana na Kenge kwenda mlimani.

Walimkuta Mama Nungunungu amesimama majini, tope limemfika viwikoni. Alipoona utepe shingoni mwa mwanawe, bila kukusudia alisogea kando akampisha. Kisha akajichukia kwa kumpisha.

"Umeajiriwa," alisema.

"Nimeajiriwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kazi gani?"

Kinungu aliangalia chini. "Nimetumwa nikwambie ufungue maji."

"Kwa amri ya Mfalme," Kenge akadakia. "Na wote mliofeli mnasamehewa. Mnaweza kurudi hatua ya pili."

"Tumefeli, bwana," alisema Ngiri kutoka kwenye mihogo. "Sheria yenu, aliyefeli haajiriwi. Msiivunje kwa ajili yetu."

Mama Nungunungu hakumtazama Kenge. Alimshika binti yake mkono akamwongoza ukingoni. "Angalia mwenyewe. Nimefunga wapi? Nionyeshe jiwe, nionyeshe mti nilioulaza. Maji yanatoka. Pale mpakani yanakuta tope, yanageuka. Tope ni lilelile lililokuwa mbele yetu wakati wewe unajifunza kutembea. Linahitaji mtu wa kulizoa, basi."

Kinungu alitazama maji kwa muda, kisha mfereji ulioziba, unavyoshuka mpaka chini kabisa, ambako mgongo wa Mfalme ulionekana kama jiwe kavu.

"Bwana Msimamizi," alisema, "hili tope nani atalizoa?"

"Si wewe. Wewe ni afisa."

"Nauliza nani."

"Tutatangaza mtihani," alisema Kenge. "Wa wazoa tope. Utakuwa na hatua nne."

Kinungu akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akakifuta kwa mkono. Kisha akavua utepe. Kenge alirudi nyuma hatua moja, lakini Kinungu alimfikia, akamvika shingoni juu ya ule aliokuwa nao.

"Nanung'unika," alimwambia. "Kawaambie." Akamgeukia mama yake. "Jembe liko wapi?"

Mama alimpa lililokuwa mkononi mwake. Mpini ulikuwa bado na joto.

Kenge alishuka peke yake akiwa na tepe mbili, na njiani hakupishana na yeyote wa kumpisha.

Mwaka huu pia mtihani umetangazwa. Swali la ubavu limeondolewa, kwa kuwa tope limekauka kumzunguka Mfalme na hawezi tena kugeuka. Baraza hukutana mgongoni kwake. Mfereji, kuanzia mpakani kushuka chini, bado ni marufuku kuuzibua bila utepe, ingawa Kinungu ameshaingia ndani ya marufuku hiyo hatua kadhaa kwa jembe lake, na Ngedere wanamtazama bila kujua hilo ni kosa la hatua ipi.

Miiba ya Mama Nungunungu imeanza kuota tena mgongoni, mifupi na migumu. Lakini halali vizuri. Kila kukicha husimama kwenye jiwe la juu na kutazama uwanja ule chini ya tuta. Mikeka mipya imetandikwa pale, ya kijani, imesawazishwa pembe. Si mingi. Huanza kuihesabu, halafu huacha, huteremka, na kuchukua jembe.