Swichi ya Ghorofa ya Pili

Swichi mpya za mtandao, vile visanduku vya kuunganisha kompyuta, zote hutoka kiwandani na anwani ile ile. Ukizichomeka zote bila kuzibadilisha, ni kama nyumba tano za mtaa mmoja zenye namba moja mlangoni: barua zinapotea na hakuna anayekubali kosa. Hata ukiisahau moja tu, inagongana na mashine kuu ya mtandao, yenye anwani hiyo hiyo. Kwa hiyo unafungua boksi moja, unaipa swichi anwani yake, unaichomeka, ndipo unagusa nyingine. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato. Nimeifanya miaka kumi na tisa katika hospitali hii, na siku hizi ngazi zake nazipanda kwa kuzihesabu.

Jumatatu asubuhi mtandao ukawa unakuja na kukatika. Majibu ya maabara hayakufika wodini. Wauguzi walipanda na kushuka na karatasi mkononi, na kila aliyenipita alinikata jicho. Saa nne meneja akatuita ofisini, mimi na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Kazi hii nilimtafutia mimi, na miezi yake ya majaribio ilikuwa inaisha Ijumaa.

Meneja akauliza swichi za Jumamosi alizifunga nani. Nikamweleza kwamba tuligawana, shemeji za chini, mimi za juu. Akauliza nani kati yetu angeweza kuacha anwani ya kiwandani.

"Mimi sijawahi kuacha," nikasema.

Sikumtaja mtu. Sikuwa na haja, tulikuwa wawili tu. Shemeji aliinamisha kichwa, meneja akaandika neno kwenye daftari lake na kutuambia tukarekebishe.

Pale koridoni shemeji aliniomba ufunguo wa ghorofa ya pili, eti nipumzike, atapanda yeye. Nilikuwa nimechoka na nina hasira za watu waliochoka. Nikamwambia aanze kusafisha uchafu wake huko chini.

Nilipanda mwenyewe, polepole, ili tu nisije nikaambiwa sikukagua. Swichi yangu ilikuwa nyuma ya kabati la mafaili, taa zake zinakonyeza. Nikachomeka kompyuta, nikaandika anwani ya kiwandani. Ikafunguka bila ubishi.

Nilikaa chini sakafuni. Nikakumbuka Jumamosi jioni, mgongo unauma, nikijiambia hii moja nitaimalizia Jumatatu. Halafu nikasahau kabisa. Nikaibadilisha anwani, na dakika chache baadaye mapokezi wakapiga simu kusema mtandao umetulia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Chini nilimkuta shemeji anakunja nyaya.

"Ulijua?"

"Niliiona kwenye kompyuta asubuhi, kabla hujafika. Ufunguo wa kuifikia sikuwa nao."

"Na mbele ya meneja ukanyamaza?"

"Ningesema nini, shemeji? Wewe ndiye uliyeniingiza hapa."

Nilimwambia twende kwa meneja sasa hivi. Akasema niache tu, meneja ameshampigia, Ijumaa akabidhi vifaa. Alisema hivyo huku akiendelea kukunja nyaya, na kila moja aliifunga vizuri kwa utepe.

Nikapanda peke yangu. Meneja alikuwa na wageni, katibu wake akanionyesha kiti. Sikuwa nimekaa vizuri simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu, sauti inakwaruza kwa kulia.

"Dada, nisamehe. Mume wangu ameniambia alivyoharibu. Umemhangaikia kazi, halafu anakutia aibu mbele ya bosi wako."

"Amekwambia ni yeye?"

"Ndiyo. Amesema wewe ulijitahidi kumtetea."

Nilifungua mdomo kumjibu. Mlango wa meneja ukafunguka, wageni wakaanza kutoka wakipeana mikono. Nikamwambia mdogo wangu asikate simu, asikilize. Nikaingia nayo mkononi, ikiwa bado hewani, na kabla meneja hajaniuliza shida yangu nikasema kwa sauti ya kuwatosha wote wawili kwamba swichi ya ghorofa ya pili niliiacha mimi.