Mbao Fupi za Ghala la Kahawa

Rangi ilimchuruzika Agar hadi kwenye kiwiko, naye hakujali. Alikuwa amepiga magoti ndani ya ghala la zamani la kahawa, kando ya barabara itokayo Beni kwenda Mavivi, akichora msalaba mwekundu kwenye mguu wa kila tao. Nyuma yake masufuria yalichemka, mtoto mmoja alikohoa mfululizo, na turubai zilizotenga familia na familia zilipepea kila upepo ulipopita mlangoni. Akimaliza tao moja, alisogea kwa magoti hadi jingine, kopo la rangi mkononi.

Mtu mwingine angesema hilo ni paa tu. Ghala lilijengwa katika miaka ya hamsini, kahawa ilipokuwa bado na kiburi, na aliyelijenga hakuwa na mbao ndefu. Badala ya kulalamika, alizipanga zile fupi alizokuwa nazo, mbao za mkaratusi, tabaka tatu, akazipigilia misumari kwa namna ambayo viungo havikukutana: ubao mmoja ulipoishia, jirani zake wa kushoto na wa kulia walikuwa bado katikati ya safari, wameushika. Hivyo vipande visivyofaa hata kwa kitanda vikazaa matao yaliyovuka ghala zima bila nguzo. Agar hakuwa mtu wa kulialia, lakini siku ya kwanza alipoinua macho na kuyaona, machozi yalimtoka.

Alifundisha ujenzi huko Butembo, na dada yake alizoea kumtania kwamba ameolewa na paa la watu. Mwenye ghala, Hadji Bilali, msafirishaji aliyelirithi kwa baba yake, alitaka kulibomoa ajenge maduka ya ghorofa. Agar alimsihi mpaka mzee akachoka. "Unionyeshe kama ingali nguvu, Madame," alisema, "na miye nitaiacha." Ndiyo maana ya ile rangi. Chuoni alikosomea, nyekundu iliwekwa kwenye kiungo kisichoguswa kamwe, na katika ghala hili miguu ya matao ndiyo iliyobeba kila kitu.

Waliolala humo walikuwa wamekimbia waasi kutoka upande wa Eringeti. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema watu. Majembe ya hawa yalibaki mashambani walikoyatupa ili wakimbie vizuri. Agar aliwasalimu kwa adabu kila asubuhi. Lakini tuseme ukweli: aliwaona kama moshi na unyevu, yaani vitu vinavyoharibu mbao.

Mmoja wao, mama wa makamo aitwaye Vagheni, aliacha sufuria yake akaja kusimama nyuma ya Agar.

"Madame, ile musalaba ni ya nini?"

"Ni ya kazi, mama," Agar alijibu bila kugeuka. Alikuwa akichunguza kiungo, na hakutaka kukipoteza.

"Ya kazi," Vagheni alirudia polepole. Aliutazama msalaba kitambo, kisha akarudi kwenye moto wake.

Agar alirejea Butembo na vipimo vyake. Haikupita muda barabara ikafungwa. Redio ilisema kwamba wakimbizi kadhaa walirudi mashambani kwao kutafuta chakula, kwa kuwa njaa haina subira, na huko mapanga yakawakuta. Aliisikia habari hiyo akinywa chai. Alisikitika kama tunavyosikitika sisi sote, akazima redio, akaendelea kuchora matao yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Njia ilipofunguliwa, Hadji Bilali alimpigia simu. "Madame Agar, kuya uone ghala yako," alisema, akakata simu.

Aliona hata kabla ya kushuka garini. Ukuta mmoja ulikuwa umetoka tumbo, na ufa mpya ulipanda kutoka msingini hadi kwenye mabati. Ndani alitafuta misalaba yake, hakuona hata mmoja. Kila mahali alipochora, ubao wa nje ulikuwa umeng'olewa, na matao yalisimama juu ya tabaka mbili zilizochanika, yakitanua miguu na kuusukuma ukuta. Mwizi angechukua popote mkono ulipofika. Hawa walichukua palepale alipoweka alama, na kwingine hawakugusa.

"Nani alifanya hivi?" alipaza sauti, na sauti ikamvunjikia katikati. "Niliweka alama! Hamukuiona?"

Wanawake walikuwa wameketi chini. Vagheni aliinuka kwenye mkeka. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Tuliiona, Madame. Ni juu ya ile alama ndiyo tulizibeba." Alisema taratibu, kama mtu asiye na nguvu ya kugombana. "Nyumba yenye batu ya Serikali banapigaka musalaba ya rouge, nyekundu vile yako, kesho yake banabomoa. Kila mutu hapa anajua. Donc, basi, tulisema, mbao yenye itatupwa, heri itusaidie. Zenye hazikuwa na musalaba, hatukugusa hata moja. Hatukuiba."

Agar aligusa pengo lililoachwa na ubao kwenye mguu wa tao.

"Nilikuuliza," Vagheni aliongeza. "Ulisema ni ya kazi."

Naye Agar alijua! Hilo ndilo lililomchoma. Alikulia Butembo, aliwahi kuona msalaba kama huo kwenye duka la mjomba wake, na kesho yake akaona duka limekuwa kifusi, mjomba ameketi juu yake kashika tama. Hakuna mtoto wa Butembo wala wa Beni asiyeujua. Ila miaka ya kukaa na michoro ilikuwa imempa macho mapya, na yale ya nyumbani akayafumba.

"Mulizipeleka wapi?" aliuliza, sauti ikiwa imeshuka.

Vagheni alionyesha mlango wa nyuma kwa kidevu.

Uani, Abdias, seremala, naye mkimbizi wa hapo hapo, alikuwa akipigilia misumari. Mbele yake, juu ya mawe mawili, palikuwa na jeneza la mtu mzima. Agar aliliangalia kwa jicho lake la kazi kabla hajaliangalia kwa jicho la binadamu. Mbao zilikuwa fupi, zimepangwa kwa tabaka, na viungo havikukutana. Ubavuni, juu ya mkaratusi mkavu wa miaka ya hamsini, ulikuwapo msalaba wake mwekundu.

"Mbao ni fupi," Abdias alisema bila kuinua kichwa. "Kwa batoto zilitosha tu vile. Bale tulishabazika asubuhi. Kwa mutu mukubwa, nikafuata vile tulikuta kwenye tao."

"Ni ya Zawadi, binti yangu," Vagheni alisema. "Alienda kutafuta ndizi, na mutoto yake mugongoni. Njia ilipofunguliwa ndiyo maiti zilifika. Tulipoona mbao ziko na musalaba tayari, tukasema, basi Mungu alituwazia."

Aibu ilimpanda Agar kutoka nyayoni. Alitamani wamtukane, wamtupie hata jiwe, apate cha kujitetea. Hakuna aliyemtukana. Abdias alichukua msumari mwingine, akaunyoosha juu ya jiwe, akaupiga.

Hadji Bilali alitokea kwenye kona ya ukuta, kofia yake nyeupe mkononi. Aliinamisha kichwa kuelekea jeneza kwa heshima, kisha akamgeukia Agar.

"Wewe ndiye unajua, Madame. Balale humu ao batoke?"

Mvua ilikuwa ikijikusanya upande wa milima. Agar alirudi mlangoni akainua macho. Paa lilikuwa zuri bado, zuri kupita siku zote, na moyo wake ulitafuta neno la kuliokoa: viegemeo, kamba za chuma, muda kidogo tu. Angelitamka neno hilo, Hadji angelisikiliza, kwa maana alikuwa mzee mwenye kutimiza ahadi. Kisha akamwona mwanamke mmoja ndani akimlaza mtoto chini ya tao lenye ufa.

"Batoke," alisema. "Leo, mbele ya mvua kunyesha."

"Na ghala?"

"Haitasimama tena, Hadji. Ubomoe."

Mzee alivaa kofia yake. "Niko na hangari ya malori kule Mavivi. Haina ukuta, lakini iko na mabati." Akaenda kumwita dereva wake.

Turubai zilishushwa bila kelele. Watu hao walikuwa wamezoea kufunga virago. Kumbe msalaba ulikuwa umesema kweli, kama walivyousoma wao, na aliyeuchora ndiye aliyeutimiza. Agar alisaidia kubeba masufuria, kwa mara ya kwanza akayajua majina ya wenyewe.

Wa mwisho alipotoka, Abdias alimkaribia akijikuna shingo. "Unisamehe, Madame. Kwa kifuniko kunakosa ubao moja."

Agar alichukua nyundo akaingia peke yake. Tao la mwisho liliegemea ukuta wa mbele, na humo alijua ubao gani unaweza kuondoka bila kumwangusha mwenzake. Aling'oa misumari yake mmoja mmoja, vumbi la kahawa ya zamani likimwangukia machoni, mabati yakilia juu yake. Alitoka na ubao umelala mikononi kama mtoto aliyesinzia.

Abdias aliupigilia. Vagheni alipitisha kiganja juu ya kifuniko, kutoka mwanzo hadi mwisho, akasimama kwenye ule ubao mpya.

"Huu hauna musalaba," alisema.

Alikwenda kwenye mzigo wake, akafungua fundo la kitenge, akatoa brashi na kopo dogo lililofunikwa kwa nailoni. "Uliacha rangi yako. Niliichunga."

Agar alilipokea kopo kwa mikono miwili. Alipiga magoti, akachovya brashi. Vagheni alisimama nyuma yake, palepale alipokuwa amesimama siku ile, na safari hii hakuuliza ni ya nini.