Mwenye Nyumba wa Loresho

Mwaka 2006 Milcah alikuwa nesi katika kliniki ndogo pale Westlands. Asubuhi moja aliletewa Mwalimu Wangeci, mjane mzee mwenye nyumba yake kule Loresho. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba, na juu ya kiwiko kulikuwa na alama za vidole.

"Alianguka bafuni," alisema Becky, kitinda mimba wake, aliyekuwa akiishi naye. Kila alichoulizwa mama, binti ndiye aliyejibu.

Milcah hakubishana. "Eksirei anaingia mgonjwa peke yake," alisema. Akamsukuma bibi kwenye kiti cha magurudumu, akafunga mlango, akachuchumaa mbele yake.

"Mwalimu, alama hizi si za kuanguka. Kuna mtu anakuumiza nyumbani?"

"Utamwambia?"

"Yeye simwambii. Lakini hapa siwezi kunyamaza, lazima nimwite mtu wa ustawi wa jamii. Mahali utakapolala leo utaamua wewe mwenyewe."

Bibi alitazama ukuta. "Akienda kazini ananifungia chumbani. Jana nikajikojolea. Akaniburuta." Machozi yakamtoka bila sauti. "Amechoka na mimi, sista. Ni mtoto wangu."

Picha ilionyesha mfupa umevunjika. Baada ya daktari kumfunga plasta, Milcah alimpigia simu Muchiri, kifungua mimba wa bibi. Alikuja na suti yake, akamshukuru sana nesi, kisha akasema, "Kwangu hapatafaa, mke wangu hataweza. Mruhusuni tu arudi. Nitaongea na Becky."

"Muchiri, hata wiki moja?" mama yake aliuliza.

Muchiri alitoa simu yake mfukoni akaanza kuiangalia.

Kalekye, ofisa wa ustawi, alieleza kwamba nyumba ni ya mama, hivyo anayepaswa kuhama ni Becky, na polisi wangesaidia. Bibi alikataa katakata. "Nimpeleke mwanangu polisi? Watu wa kanisa waseme nini?" Basi Kalekye akamtafutia nafasi katika makao ya wazee yanayoendeshwa na watawa. Becky alipiga kelele pale mapokezi kwamba ameibiwa mama yake, kisha akaondoka bila kumuaga.

Jumapili moja Milcah alikwenda kumwona bibi kule makaoni, na ndizi na mafuta ya kujipaka. Mkono ulikuwa umepona, nguo zilikuwa safi.

"Hapa hakuna anayenigusa," alisema bibi. "Usiku nalala. Nakushukuru."

"Becky amekuja?"

"Hajakanyaga. Nasikia amepangisha vyumba vya nyuma." Aliguna. "Ile nyumba tuliijenga na marehemu, mshahara wa walimu wawili. Sasa yeye anakaa kwangu, na mimi nakaa kwa watu. Ulinisaidia, sista. Lakini angalia aliyefukuzwa ni nani."

Milcah alisogeza kiti karibu naye. Alifungua chupa ya mafuta, akamshika mkono uliokuwa umevunjika, akaanza kuupaka polepole. Bibi alimwachia mkono, lakini uso aliugeuzia dirishani.